Tupo Tu

Jumamosi usiku nimeshajinyoosha, simu ikaita. Shemeji wa Kibaha. "Shem, kesho mpo?" Nami bila kuwaza nikajibu kama nilivyozoea tangu utoto: "Tupo tu."

Jamani, maneno mawili! Ningesema tuna kikao cha ukoo, leo ningekuwa na mgongo mzima. Lakini nikasema tupo tu, tena ile "tu" nikaivuta, ikatoka kwa unyonge kama ya mtu aliyechoshwa na upweke. Mama watoto alikuwa mkekani anamsuka binti yetu. Akasimamisha kitana. "Wanakuja wangapi?" Sikuuliza. "Saa ngapi?" Nalo sikuuliza. Akaendelea kusuka bila neno, ila mtoto akaanza kulia, nikajua ile mikono imeshabadilika.

Mimi Jumapili yangu haina mambo mengi. Misa ya kwanza, chai na maandazi, halafu bukta na kochi. Bukta yenyewe ninayo tangu sijaoa. Ina tundu, lakini liko upande ambao mtu akikaa kistaarabu halionekani. Siku sita naning'inia kwenye mabasi kati ya Kimara na Kariakoo nikivumilia makwapa ya wenzangu, nao wakivumilia la kwangu, kwa ajili ya hiyo bukta.

Saa mbili asubuhi nikakabidhiwa vitambaa vya makochi. Vivuliwe, vifuliwe, vianikwe, vikauke, virudi kabla ya saa sita. Nikauliza, kwani vina nini? Nikajibiwa kwa macho. Sisi tunaolala humu mwaka mzima vumbi ni haki yetu, ila shemeji akiliona itakuwa kesi. Nikafua. Nikapiga deki. Nikapanda stuli kutoa utando wa buibui ambaye nadhani tulihamia tukamkuta.

Saa nne nikapiga simu. "Mmefika wapi, shem?" "Tupo hapa Mbezi tunabadilisha gari!" Nyuma yake jogoo anawika na mwanaume anauliza pasi nani kaichukua. Sijawahi kuona stendi ya Mbezi ikinyoosha abiria mashati.

Jikoni nikapewa vitunguu. Pilau la watu wengi halina huruma kwa mkata vitunguu, maana linataka vingi, vyembamba, na vikaangwe hadi viwe kahawia bila kuungua. Nililia hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna msiba. Kitunguu saumu na tangawizi vikatwangwa, bizari na iliki zikafuata, nyumba ikaanza kunukia, hata mimi moyo ukalainika. Mchele ukaingia, maji yakaanza kuchemka. Ule moto wa bluu ukapepesa mara mbili kama mtu anayesinzia, ukazima.

Nikautikisa mtungi. Mwepesi kama ahadi ya fundi cherehani.

Serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Mimi nilikuwa ndani ya hiyo asilimia mpaka saa sita na nusu mchana. Dukani kwa gesi pamefungwa, mwenyewe yuko kanisani, ibada ya tatu. Ikabidi nikalitoe jiko la mkaa nyuma ya pipa, ambako mvua ya wiki ile ilikuwa imelitembelea pamoja na mkaa wake.

Basi nipo uani, nimechuchumaa kwa ile bukta, napepea moto kwa mfuniko wa ndoo, machozi ya vitunguu yameungana na ya moshi. Nyuma yangu geti likalia kriii. Nikasikia, "Hodi humu!" Sauti ya mama mkwe. Hakuna aliyeniambia kwamba mama mkwe yumo msafarani! Na tundu, kwa namna nilivyochuchumaa, linatazama getini.

"Shikamoo mama," nikasema bila kugeuka.

"Marahaba baba. Mbona hugeuki tusalimiane?"

"Moto, mama. Nikiuacha utazima."

Akanionea huruma, au aliona alichoona, sijui. Mama watoto akanirushia kanga kutoka dirishani, nikajifunga, nikasimama kupokea wageni nikiwa nimevaa maneno "Mgeni njoo mwenyeji apone". Sikupona.

Walikuwa shemeji, mumewe, watoto wanne, mama mkwe na kijana mmoja mrefu. Huyo kijana mimi nilijua ni wa upande wao. Baadaye kabisa ndipo tukagundua wao walijua ni wa kwetu. Alikula sahani mbili.

Mama mkwe akafunua sufuria. Wali umeshakunywa nusu ya maji, umekaa katikati, si mbichi si mbivu. Akaguna. Akachota makaa yaliyoshika, akayapanga juu ya mfuniko mmoja mmoja kwa koleo, akaniambia nisiguse mpaka aseme yeye. Baada ya muda akafunua: punje moja moja, haligandi. Sifa zote akapewa binti yake. Mimi niliyepepea nikaulizwa kama kachumbari tayari.

Mezani, mwanangu wa mwisho akaiinua sahani yake juu: "Mama, hizi si ulisema zisiguswe mpaka dada aolewe?" Kimya. Mumewe shemeji akakohoa, akasifu nanasi alilolileta mwenyewe.

Nyama ilipita kwanza kwa wageni. Iliponifikia mimi ilikuwa imebaki harufu.

Kulala, hapana. Nani anajinyoosha kwenye kochi mama mkwe akiwa sebuleni? Nikakaa wima kama mtu anayesubiri usaili, watoto wameshika rimoti, katuni moja inarudiwa mara tatu.

Saa kumi na mbili wakaomba njia. Kuomba njia kukachukua dakika arobaini wakiwa wamekaa. Kusindikiza nako: hatua kumi, simama, habari mpya, hatua kumi. Kituoni nikatoa nauli ya watoto, maana mila ni mila, na yule kijana mrefu naye akanyoosha mkono, akapokea, akapanda gari la kuelekea upande mwingine.

Narudi, nyumba kimya. Jikoni nikakuta sufuria lina ukoko. Nikaukwangua kwa kijiko nikiwa nimesimama gizani, ule wa pembeni ulioshika mafuta na bizari, na niseme ukweli, mumewe shemeji hakula kitu kama kile. Nikavaa bukta. Nikalala kochini. Vitambaa vilikuwa bado vina unyevu, sikujali.

Meseji ikaingia. "Shem tumefika salama asanteni. Mdogo kasahau kiatu kimoja hapo kwenu, cha shule. Mpo lini?"

Nikainama chini ya kochi. Kipo. Cha kushoto.