Pedi ya Kufua Inataka Jua

Kwa miaka mitatu sasa sijanunua pakiti ya pedi za kutupa; natumia za kitambaa, ambazo hufuliwa na kutumika tena, na kila ninapowaeleza wanawake wenzangu hapa Busia jambo hilo, swali lao la kwanza halihusu bei wala kuvuja. Wanauliza: “Unaanika wapi?” Naamini swali hilo lina uzito kuliko mengine yote, na kwamba sisi tunaowahimiza wanawake na wasichana wa Uganda waache pedi za kutupa tumelipita haraka mno.

Sababu zangu za kubadili zilikuwa za kawaida. Pakiti ya pedi nane katika duka la mtaani kwetu ilikuwa imefika shilingi 4,000 za Uganda. Mimi na binti yangu tulihitaji pakiti tatu kila mwezi, yaani shilingi 144,000 kwa mwaka, na fedha hizo zilitoka katika mfuko uleule wa sare na madaftari. Fundi wa cherehani sokoni alinishonea pedi sita za pamba na flaneli, zenye vifungo pembeni na tabaka la chini lisilopitisha maji, kwa shilingi 24,000.

Sababu ya pili ilikuwa choo. Nyumba tunazopanga zina choo kimoja cha shimo kwa familia tano, na siku gari la kunyonya lilipokuja, vijana walilazimika kuzitoa pedi kwa ndoana kabla mpira wa pampu haujaweza kuvuta chochote. Pedi ya kutupa ina plastiki, pamoja na chembechembe zinazonyonya maji na kuvimba. Ikitumbukizwa shimoni haiozi kama karatasi, bali hukaa na kulijaza shimo kabla ya wakati wake. Ile inayobebwa na gari la taka nayo huishia jalalani, na tangu Agosti 2024, jalala la Kiteezi nje kidogo ya Kampala lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30, mimi siwezi tena kuamini kwamba kitu kilichotupwa kimekwisha.

Nchi yetu si mgeni katika jambo hili. Karibu na Masaka, kampuni ya AFRIpads imekuwa ikishona pedi za kufua kwa zaidi ya miaka kumi, na Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni pedi ziitwazo MakaPads kutokana na mafunjo na karatasi chakavu, ingawa hizo ni za kutumia mara moja. Tunakumbuka pia kwamba katika kampeni za uchaguzi wa 2016 wasichana wa shule waliahidiwa pedi za bure, kisha mwaka 2017 Wizara ya Elimu ikasema fedha hazipo, na mwanaharakati Dkt. Stella Nyanzi akaanza kuchangisha pedi kwa wananchi. Pedi ya kutupa humfanya msichana ategemee kila mwezi mfuko wa mtu mwingine, uwe wa mzazi au wa serikali. Pedi ya kufua inamwondolea utegemezi huo, lakini inamdai vitu vingine vitatu, navyo ni maji, sabuni na jua.

Maji na sabuni tunavizungumza bila aibu. Pedi inalowekwa kwanza katika maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu katika kitambaa, kisha inafuliwa kwa sabuni na kusuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Kwangu kazi hiyo inakula karibu nusu ya jerikeni kwa siku, na siku mabomba yanapokauka nusu jerikeni si kitu kidogo.

Jua ndilo gumu. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenifunda, alinifundisha kwamba damu ya mwezi haipaswi kuonekana na mtu yeyote, wala mume wala ndugu, kwa sababu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia kukufunga uzazi. Kwa hiyo vitambaa vyetu vilikaushwa chini ya godoro. Simlaumu shangazi hata kidogo; alikuwa akinilinda kwa elimu aliyokuwa nayo. Hata hivyo, kitambaa kilichokaushwa gizani hakikauki sawasawa, hushika ukungu na harufu, nao mwili ndio unaolipa.

Nililipa mimi mwenyewe, tena nikiwa mtu mzima. Katika masika ya kwanza baada ya kubadili, nilizificha pedi nyuma ya mlango, chini ya leso, na siku ya tatu nikavaa moja iliyokuwa bado na unyevunyevu kwa kuwa sikuwa na nyingine. Nilipata mwasho ulionipeleka zahanati, na muuguzi aliponiuliza nilikokuwa nikianika, nilinyamaza. Aliniambia kwa upole kwamba kitambaa kinachogusa mahali pale hakina budi kukauka kabisa, na kwamba jua lenyewe husaidia kuua vijidudu. Sikuwa nimeelezwa hivyo na yeyote aliyenisifia pedi za kufua.

Nilianza kuzianika uani. Kwanza nilizifunika kwa kitambaa chepesi, lakini zilichelewa kukauka, hivyo nikakiondoa. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, aliniita kando. “Mwanangu,” akasema, “hivyo ni vitu vya kuanikwa mbele ya wanaume?” Nikamjibu, “Mama, ni nguo safi zilizofuliwa.” Hakuridhika, na nadhani hata leo hajaridhika, lakini wajukuu wake wawili sasa huzileta za kwao kuzianika wakati mimi nikiwa nyumbani.

Kwa miezi ya mvua nimeongeza kikombe cha hedhi, kikombe kidogo kinachovaliwa ukeni kukinga damu. Kimetengenezwa kwa silikoni, kinaweza kukaa mwilini hadi saa 12, na kikitunzwa hudumu hadi miaka 10. Huchemshwa dakika chache katika sufuria yake ya pekee, wala hakihitaji kamba ya kuanikia. Kinahitaji mikono safi na uvumilivu wa miezi miwili mitatu ya kujifunza, na mwenye kitanzi cha kuzuia mimba amwone muuguzi kwanza. Binti yangu hakitaki, nami simlazimishi.

Ninayemfikiria zaidi ni msichana wa bweni. Hugawiwa pedi za kufua katika mfuko mzuri, hupigwa picha, kisha hurudi katika bweni ambalo kamba yake ya pekee ya kuanikia iko mbele ya madarasa ya wavulana. Ataanika wapi? Ataficha chini ya godoro, kama sisi. Kwa maoni yangu, shule inayopokea pedi hizo ijenge kwanza mahali pa kuanikia nyuma ya bweni, penye ukuta wa mianzi na paa la mabati yanayopitisha mwanga, na maji karibu. Nimeomba jambo hilo liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho cha wazazi katika shule ya binti yangu, na fundi seremala amekwisha kunipa makadirio ya gharama ya mbao na mabati.