Dunia Iliposhika Moto Chumbani kwa Wahariri

Wanaoibeza The Day the Earth Caught Fire, filamu ya Mwingereza Val Guest ya mwaka 1961, wana hoja nzito. Ndani yake Marekani na Urusi zinalipua mabomu ya nyuklia kwa wakati mmoja, mhimili wa Dunia unahama kwa nyuzi 11, kisha sayari inaacha njia yake na kulisogelea Jua. Haiwezekani. Mwaka uleule, tarehe 30 Oktoba, Urusi ililipua bomu la megatani 50 huko Novaya Zemlya, kubwa kuliko yote hadi leo, na Dunia haikuyumba. Nishati ya Dunia kujizungusha tu inalizidi bomu hilo mara trilioni moja hivi.

Hesabu hiyo naikubali. Ila filamu ilipotoka mwezi uliofuata, watu walikuwa wametoka kusoma habari za bomu lile magazetini, na Guest anawarudisha gazetini hukohuko. Hakuwa na fedha za kuangusha miji, hivyo janga analisimulia kupitia chumba cha habari cha Daily Express: simu zisizokoma, mashati yaliyolowa jasho, wanaume wanaokatizana maneno. Mhariri anaigizwa na Arthur Christiansen, aliyeliongoza kweli gazeti hilo kwa zaidi ya miaka 20. Uigizaji wake ni mkavu, sikatai. Leo McKern, anayeigiza mwandishi wa habari za sayansi, ndiye anayebeba mzigo.

Maafa yenyewe yanaingia kidogokidogo. Ukungu unaifunika London, joto linapanda, Mto Thames unakauka, watu wanapanga foleni ya maji. Aliyewahi kuishi na mgao wa maji ataielewa hofu hiyo bila kuona jengo hata moja likiporomoka.

Kasoro inayoniudhi mimi ni ile ya vijana wanaofanya vurugu mitaani, wakichezea maji yaliyokwisha kuwa adimu. Filamu iliyokuwa ikiibana serikali kwa kuficha ukweli inageuka ghafla kuwanyooshea kidole watoto, na hairudi kulieleza jambo hilo.

Mwishoni mitambo ya kuchapa inasubiri na kurasa mbili za mbele ziko tayari: moja inasema dunia imeokoka, nyingine imeangamia. Hatuambiwi ipi itauzwa asubuhi. Nakala iliyoonyeshwa Marekani iliongezewa kengele za kanisa, kana kwamba tumepona. Mimi nasimama na ile isiyo na kengele.