Msimpandishe mtoto madhabahuni

Makanisa ya Malindi yanajitahidi kwa watoto wa mitaani, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Wako akina mama wanaoamka alfajiri kupika uji, wakaupeleka hadi sokoni kwa vijana ambao sisi wengine tukiwapita tunashika mifuko. Wanawaita kwa majina yao, si "chokoraa". Mungu awalipe.

Linalonikera ni la Jumapili. Mtoto hajamaliza hata mwezi bila kuvuta gundi, tayari ameogeshwa, amevishwa shati jipya, amepandishwa madhabahuni na kupewa maikrofoni. Aeleze alivyovuta, alivyoiba, alivyolala vibarazani. Watu wanapiga vigelegele, simu zinarekodi, na jioni video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. (Sadaka ya siku hiyo nayo hunona.)

Uraibu hauishi kwa makofi. Gundi humsahaulisha mtoto njaa na baridi, na usiku ule ule anarudi penye njaa na baridi. Waliofika kwenye unga, yaani heroini, wana kazi kubwa zaidi, maana arosto ya kuukosa ni maumivu ya mwili: tumbo linakatika, mifupa inauma, usingizi hakuna. Malindi tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. The Omari Project ilianza kuwasaidia waraibu wa heroini hapa hapa mwaka 1995, na tangu 2015 hospitali yetu inatoa methadoni, dawa ya kumtuliza mraibu wa heroini. Mtu anakwenda kunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, pengine kwa miaka. Akiteleza, anapokewa tena.

Sasa huyu wetu aliyetangazwa Jumapili kuwa amewekwa huru, akiteleza Jumatano atamwendea nani? Ataona haya hata kuipita njia ya kanisani.

Halafu wengi wao wana kwao. Yuko wa Ganze, yuko wa Magarini, na wengine ni watoto wa Kiislamu. Mama akimwona mwanawe kwenye simu ya jirani, ameshika Biblia na anasimulia wizi, ataelewa moja tu: mwanangu amenunuliwa kwa sahani ya wali. Nanyi siku ya kumrudisha nyumbani mtamhitaji mama huyo huyo kuliko mfadhili yeyote.

Baada ya Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri walifunga kula hadi kufa na ikafukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, mchungaji wa huku hana haki ya kununa akiulizwa idhini ya mzazi iko wapi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaitaka idhini hiyo, ya mzazi au mlezi, kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Mwenye kusema "lakini hana mzazi" angeanzia kwa afisa wa watoto.

Najua nitakachojibiwa: bila ushuhuda wafadhili hawatoi, na unga wa uji unauzwa dukani. Kweli kabisa. Basi waonyesheni masufuria, waonyesheni hesabu, wapelekeni wakaone foleni ya uji. Na ikiwa lazima mtu asimame, asimame mtu mzima aliyekaa miaka bila kuvuta na aliyeomba mwenyewe. Mtoto mwacheni akae na wenzake, ale, aimbe akipenda. Akipotea wiki nzima kisha akarudi, swali la kwanza liwe kama amekula.