Wali wa nazi Kuala Lumpur, sufuria za mama mdogo Buguruni

Picha niliyotuma kwenye kundi la familia ilikuwa ya wali wa nazi juu ya jani la mgomba, pembeni dagaa waliokaangwa, karanga, vipande vya tango, nusu yai na pilipili ya kusaga. Mama akajibu kwa sauti: "Mwanangu, umefika Tanga hata kuniambia hukuniambia?" Nilikuwa Kuala Lumpur, saa moja na nusu asubuhi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, begi la mgongoni nimelibana katikati ya miguu. Chakula chenyewe wanakiita nasi lemak. Nililipa ringgit 4, kama shilingi 2,400 za kwetu.

Naishi Hamburg, mwaka wa 11 sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kila nilipokuja likizo Dar nilikuwa na ugonjwa ambao wengi wetu tulioko Ulaya tunao: kila kitu nakipima kwa Ujerumani. Daladala imechelewa, "kule kwetu" treni inakuja na dakika zake. Taka zimezagaa, "kule kwetu" kuna mapipa ya rangi nne. Ndugu zangu walinivumilia kwa heshima, na sasa naona haya nikikumbuka. Mwaka huu nilikusanya siku zangu za likizo, nikatafuta tiketi ya bei nafuu, nikaenda wiki tatu Singapore, Kuala Lumpur na Bangkok kwa fedha za kubana: kulala hosteli kwenye dabodeka chumba cha watu wanane, kula mtaani, kusafiri kwa basi na treni. Nimerudi nikiamini kwamba kipimo nilichokuwa nacho hakikuwa chetu hata siku moja.

Fikirieni. Hamburg ni jiji la watu wasiofika milioni 2, baridi inawafungia ndani nusu ya mwaka. Dar ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5 kwenye sensa ya 2022, jua kali, mvua za kumwaga, minazi, watu wanaokula na kufanya biashara nje. Tutajifunza nini kwa jiji ambalo shida yake kubwa mwezi Januari ni kupasha nyumba joto? Lakini Singapore ukitoka tu nje ya uwanja wa ndege joto linakukumbatia kama la Kariakoo saa nane mchana. Shati linaganda mgongoni. Nguo zimeanikwa kwenye fito madirishani. Nilihisi nimefika nyumbani kwa mtu anayefanana na sisi, aliyejenga kwa namna yake.

Singapore ndiyo iliyoninyonya fedha. Kitanda kilikuwa dola zao 38 kwa usiku, na kwa bei hiyo Bangkok nililala karibu usiku tatu. Chakula ndicho kilichoniokoa, na hapa naomba niwe mrefu kidogo, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Kuna majengo wanayaita hawker centre. Ni paa kubwa, pande zote wazi, feni juu, katikati meza zilizopigiliwa sakafuni, kuzunguka vibanda vidogo vidogo vyenye namba. Kila kibanda kina mpishi wake na chakula chake: huyu wali na kuku, yule tambi, yule mchuzi wa samaki, yule juisi ya miwa. Nilikwenda Maxwell, mtaa wa Wachina, nikala wali na kuku kwa dola zisizofika 6. Mzee mmoja aliniona nimesimama na sinia, akasogeza la kwake, akagonga meza kwa kidole kuniashiria nikae. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Tulikula. Miaka 11 Hamburg napika Jumapili, nagawa kwenye vyombo, nakula peke yangu jikoni hadi Ijumaa. Pale mezani nilielewa kwamba nilichokuwa nakikosa siku zote si ugali wenyewe. Ni kula mahali ambapo mtu usiyemjua anakusogezea nafasi.

Wale wapishi walitoka barabarani. Wakati Singapore inajitenga na Malaysia mwaka 1965, mitaa yake ilijaa wauza vyakula wanaosukuma mikokoteni, maji ya kuoshea vyombo yakimwagwa mitaroni, panya, magonjwa ya tumbo. Serikali ilianza kwa kuwaandikisha na kuwapa leseni. Kisha, kuanzia mwaka 1971 hadi 1986, ikawajengea hayo majengo na kuwahamishia humo: maji ya bomba, umeme, mfereji wa maji machafu, vyoo, mahali pa kutupa taka. Leo majengo hayo yanazidi 110, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Yaani mama ntilie wao ni urithi wa dunia.

Nilisimama mbele ya kibanda kimoja nikamtazama mama wa makamo anavyoosha mboga chini ya bomba. Bomba tu. Nikaanza kulia, sikuweza kujizuia. Mama yangu mdogo amepika Buguruni tangu nikiwa darasa la nne. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sufuria zake. Ndoo za maji ananunua kwa mkokoteni, moshi wa mkaa umemharibu macho, na kuna asubuhi moja walikuja watu wakamwambia eneo halimhusu, wakamwaga maharage yaliyokuwa yanachemka na kuondoka na meza. Hakuna aliyemwonyesha mahali pengine pa kwenda. Kesho yake alianza upya kwa sufuria ya kuazima.

Mtu ataniambia nasi tulijenga. Ni kweli, Machinga Complex, jengo la ghorofa la wamachinga, ipo Ilala, na kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu. Tofauti niliiona kwa miguu yangu: kule Singapore nilipokwenda kula, kila mara nilikuwa nimeshuka tu kituo cha basi au nimepita chini ya maghorofa ya makazi. Mpishi aliwekwa pale ambapo mteja anapita akirudi kazini. Ukimpandisha mama ntilie ghorofa ya tatu, na anayekula kwake ni fundi mwenye nusu saa ya mapumziko, umemfukuza kwa upole.

Sitaki mnione nimelewa Singapore. Mimi ni mhamiaji, macho yangu yanawatafuta wahamiaji wenzangu. Asubuhi niliona malori ya wazi yamebeba vibarua wa ujenzi kutoka Bangladesh na India, wamekaa nyuma kwenye bodi kama mizigo, katika jiji lenye treni safi kiasi kile. Jumapili Little India hujaa vijana hao, wamepumzika, wanapiga simu nyumbani. Niliwaangalia nikajua kabisa wanasema nini: niko salama, fedha nimetuma, mtoto anaendeleaje.

Kutoka Singapore nilivuka kwa basi kupitia Johor Bahru. Kuala Lumpur nilitazama minara ya Petronas, yale maghorofa pacha marefu, kutoka bustanini, bure, na inatosha. Nilipanda ngazi 272 za Batu Caves, mapango yenye hekalu la Wahindu. Kisha treni ya umeme hadi Padang Besar, mpakani na Thailand. Treni ile inakimbia hadi kilomita 140 kwa saa juu ya reli ya upana wa mita moja, upana uleule wa reli yetu ya kati ya zamani. Sisi tumejenga mpya, na treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma iliyoanza mwaka 2024 ni fahari yangu. Bado nilikaa dirishani nikiwaza ile ya zamani ingeweza kutunzwa kiasi gani.

Dirishani ilikuwa michikichi, saa kwa saa. Nyumbani tumekua tukiambiwa Malaysia walichukua mbegu Kigoma. Historia yenyewe inataja miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara Selangor, Malaysia, mwaka 1917. Ile hadithi ya Kigoma naona inatuliwaza bure.

Bangkok ilinikaribia zaidi kwa sababu haijanyooka. Treni ya juu, iliyofunguliwa mwaka 1999, inapita hewani, na chini yake mama anachoma mishikaki. Kuna miaka utawala wa jiji uliwaondoa wauzaji kwenye baadhi ya njia za waenda kwa miguu, kwa hiyo vita hii wanaijua. Bodaboda wao wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye namba, kila kijiwe na watu wake, na nauli imebandikwa ubaoni. Na mfereji wa Saen Saep! Maji ni machafu, nisiwafiche, lakini boti zinapita kwa fujo, konda anatembea ukingoni kwa nje, kofia ngumu kichwani, anakusanya nauli huku ameshika kamba. Boti nyingine ikipishana nanyi, abiria wa pembeni wanavuta kamba, turubai linapanda, mnajikinga pamoja. Nililipa baht zisizofika 20. Nilikumbuka konda wa Gongolamboto, nikakumbuka pia mwendokasi ilipoanza mwaka 2016 na jinsi tulivyojivunia, nikatamani mabasi yale yaongezwe hadi mtu wa Kimara asigombanie mlango.

Kwa hiyo wenzangu wa ughaibuni, mkirudi nyumbani msianze tena na Hamburg, London au Toronto. Mkipata nauli, zungukeni kwanza miji yenye jua kama letu, mlale kwenye dabodeka, mle mtaani. Mtarudi na maswali bora ya kuuliza kwenye mikutano ya mtaa: maji yatafika lini sokoni, paa litajengwa wapi, nani atakaa karibu na kituo.

Usiku wa mwisho nilimtumia mama mdogo video ya kile kibanda cha Singapore. Alinipigia. Aliuliza jambo moja: "Hilo bomba linatoa maji saa zote?" Nikamwambia ndiyo, mama. Alinyamaza, kisha akaniomba nimtumie tena ile sehemu ya sinki, anataka kuhesabu hatua kutoka jiko hadi pale maji yalipo. Desemba nakuja. Tangi la lita 1000 nimelipia nusu, na wenzake watatu wanaopika naye wamekubali kuchangia fundi bomba.