Sahihi sita za kuondoka chuoni

Mwaka wa masomo ukifungwa, hotuba husifu mitambo mipya na wingi wa waliohitimu. Fomu ya kuondoka, ile ya kuthibitisha kuwa mwanafunzi hadaiwi kitu, haitajwi, na ndiyo inayowatesa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi huku Kisumu.

Karatasi moja, ofisi sita: idara, maktaba, stoo ya karakana, hosteli, michezo, halafu fedha. Fedha hawagusi kalamu kabla ya hizo tano kutia sahihi. Mtunza stoo akienda likizo, kila kitu husimama, maana hakumwachia mtu muhuri. Mwanafunzi ametoka Muhoroni na matatu ya alfajiri, anaambiwa arudi Alhamisi. Si haki hata kidogo!

Kwa ofisi ya fedha, risiti za karo ndizo balaa zaidi. Nyingi huchapwa bila wino, kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto. Mwanga, mafuta ya vidole na plastiki ya pochi hufifisha maandishi, hivyo risiti ya muhula wa kwanza hugeuka karatasi tupu. Itolewe nakala siku hiyohiyo.

Na aliyelipa kwa M-Pesa akikosea tarakimu moja ya namba ya usajili, hela huingia benki ya chuo bila mwenyewe. Deni linabaki palepale. Ujumbe wenye msimbo wa herufi na tarakimu 10 usifutwe kamwe, kwani ndio unaosaidia kuifuatilia.

Ofisi zote sita zinashindwaje kuketi ukumbini siku 2 tu, meza kando ya meza, wiki ya mwisho ya mitihani?