Akiba ya siku ya mvua

Wiki yangu ya kwanza kazini Leeds, Uingereza, msimamizi wetu alisema yuko "under the weather", yaani chini ya hali ya hewa. Nikatazama dirishani, nikidhani analalamikia mvua. Kumbe mafua. Huu ni mwaka wa sita niko huku na misemo yao ya hali ya hewa nimeizoea, ila mmoja bado unanikwama: weka akiba kwa ajili ya siku ya mvua, yaani siku ya shida.

Siku ya mvua! Mimi mzaliwa wa Dodoma. Kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba na mwezi wa nne inaaga. Ikichelewa wiki tatu tu, watu wazima wanaanza kuongea kwa sauti ya chini. Mama alikuwa akijaza mtama kwenye kihenge kwa ajili ya miezi ya jua. Siku ya mvua ni ya kutoka na jembe. Mwambie mkulima wa Kigogo aweke akiba ya siku hiyo, atakuuliza kama unaumwa.

Mwingereza mvua kwake ni mkosi. Hata rafiki mnafiki humwita rafiki wa jua. Wingu jeusi likitajwa, ujue kuna balaa, wakati kwetu wingu jeusi watoto wanaitwa nje walione. Na wala mvua yao si nyingi kihivyo: London hupata kama milimita 600 kwa mwaka, Dar es Salaam inapita 1,000. Ila ya Dar inamwagika, bonde la Jangwani linafurika, kesho yake jua kali. Ya huku ni manyunyu kutwa nzima, hayanyeshi wala hayaachi. Labda ndiyo maana inawakera. Wana msemo mmoja wa kuisifu, "right as rain", sawa kama mvua, wa mtu aliyepona. Hapo nawaunga mkono.

Kituoni mtu atakwambia "baridi leo", na salamu imeishia hapo. "Mbukwa" ya kwetu ndiyo kwanza inafungua mlango: watoto, ng'ombe, shamba. Siwezi kusema hizi mbili ni sawa.

Jumapili mama alipiga simu, akasikia matone dirishani.

"Huko inanyesha?"

"Tangu Alhamisi, mama."

"Mshukuru Mungu, mwanangu."

Nikaitikia amina, soksi zangu ziko juu ya hita siku ya tatu, hazijakauka.