Matone ya glakoma yanafanya kazi, ila mgonjwa haioni

Mgonjwa wa glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho polepole, anapotumia matone miaka mitatu bila kuona tofauti, huanza kujiuliza: dawa hii inanisaidia nini hasa? Uoni uliopotea haujarudi, macho yanawasha na kuwa mekundu, chupa zinaisha na nyingine zinanunuliwa. Wengi huacha hapo. Nawaelewa, lakini nadhani wanaidai dawa kitu ambacho haikuwahi kuahidi.

Matone hayaponyi glakoma. Yanashusha presha ya ndani ya jicho ili neva inayopeleka picha kwenye ubongo isiendelee kufa. Faida yake, basi, ni hasara ambayo haikutokea.

Upo utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 516. Nusu walipewa latanoprosti, mojawapo ya matone ya kushusha presha ya jicho, nusu matone yasiyo na dawa. Ndani ya miaka 2, uoni wa pembeni ulizidi kuharibika kwa asilimia 25.6 ya waliokosa dawa, na kwa asilimia 15.2 ya walioipata. Namba hizi nimezirudia mara nyingi, na kila mara naona humo chanzo cha malalamiko yote. Katika kila watu 100, dawa iliwakinga kama 10. Lakini hata bila dawa, karibu robo tatu hawakuonyesha kuharibika katika kipindi hicho. Aliyekingwa atajuaje kwamba ni matone yaliyomkinga, na si ugonjwa wake kuwa wa mwendo wa taratibu? Na wale 15 walioharibika wakiwa kwenye dawa watasema haifai, ingawa huenda bila hiyo wangepoteza zaidi. Hakuna mgonjwa anayeweza kuishuhudia faida hii kwa macho yake mwenyewe. Huonekana watu wengi wanapopimwa na kulinganishwa, na daktari asipolieleza hilo siku ya kwanza, mgonjwa atajitafutia maelezo mengine.

Je, faida hiyo inadumu? Nchini Marekani, watu wenye presha ya juu ya jicho ambao bado hawakuwa na glakoma walifuatiliwa kwa takriban miaka 13. Walioanza matone mapema, asilimia 16 walipata glakoma. Waliochelewa kuanza kwa zaidi ya miaka 7, asilimia 22. Si pengo la kushangilia, lakini kwa wenye hatari kubwa lilikuwa pana zaidi.

Wanaotilia shaka matone nao wana hoja nzito. Utafiti mwingine wa Uingereza ulilinganisha kuanza na leza, yaani mwanga maalumu unaopigwa jichoni ili kushusha presha, na kuanza na matone. Baada ya miaka 6, takriban asilimia 70 ya macho yaliyoanza na leza yalikuwa na presha inayotakiwa bila tone hata moja, na macho yaliyohitaji upasuaji yalikuwa 13, dhidi ya 32 kwa walioanza na matone. Siwezi kulipuuza hilo: kwa anayefaa kupigwa leza, kuanza nayo ni uamuzi mzuri. Matone nayo yana madhara yake. Timololi, mojawapo ya matone hayo, hupunguza mapigo ya moyo na ni hatari kwa mwenye pumu. Vihifadhi, yaani kemikali za kuzuia dawa isiharibike, vilivyomo kwenye chupa nyingi huukera uso wa jicho mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo, matokeo hayo hayasemi kwamba matone hayafanyi kazi. Leza haisahauliki asubuhi wala haimwagiki shavuni, ingawa nguvu yake pia hupungua na miaka. Tone halifanyi kazi mpaka liingie jichoni, kila siku, na mgonjwa akafumba macho na kubana kona ya jicho karibu na pua kwa dakika 2 au 3 ili dawa isishukie kooni. Presha isiposhuka, ni kawaida kuongezewa chupa ya pili, kisha ya tatu. Kabla ya hapo ningependa daktari aseme: hebu dondosha moja hapa, nikuone.